Kiti Alichoshonewa Nyundo

Daktari aliposema kilichovunjika ni mguu tu, Mama Sofa alishusha pumzi mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakageuka. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka juu ya ngazi huku amelikumbatia jora la kitambaa kama mtoto mchanga, na kwa kishindo alichotua nacho, waliokuwepo karakana walikwisha kuanza kumwombea dua kimoyomoyo. Kumbe kichwa kizima, mgongo mzima, na mdomo ndio mzima kabisa, maana njia nzima alikuwa akilalamikia mashimo ya barabarani. Mfupa mmoja tu, chini ya goti la kulia.

"Ungekufa, ningekuua," Mama Sofa alimwambia, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Basi ningekufa mara mbili," alijibu mumewe. "Na yote kwa ajili ya kitambaa ambacho rangi yake hata mwenyewe siipendi."

Watu walimwita Nyundo kwa sababu nyundo haikumtoka mkononi. Yeye ndiye aliyechonga fremu za makochi. Mkewe ndiye aliyezivika sponji, kitambaa na mshono, na hapo ndipo alipopatia jina lake. Nyundo alikuwa mtu wa kukosoa kila kitu chini ya jua. Chai imezidi maji, habari za redioni zimezidi uongo, jirani amejenga ukuta umepinda. Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni kazi ya mkewe. Zamani, ndoa ikiwa bado mbichi, aliropoka mbele ya mteja kwamba mto alioushona bibi harusi wake ni mgumu kama tofali. Alinuniwa mpaka akasahau sauti ya mkewe. Tangu hapo, kila Mama Sofa alipomaliza kitu na kumwuliza kikoje, Nyundo hujibu neno moja: "Safi." Nyumba ikatulia, na watu wote wawili wakaamini wamepata dawa.

Basi siku ile, plasta ilipokuwa imeshakauka kuanzia chini ya goti mpaka karibu na vidole, akaja mtaalamu wa viungo, mtu mpole mwenye sauti ya taratibu, kuwaeleza namna ya kuishi nayo. Akasema mguu uinuliwe akikaa. Akasema vidole vichezeshwe mara kwa mara, paja likazwe na kuachiwa, na mgonjwa asigande kitini. Ainuke, ashike magongo yake, azunguke nyumba bila kuukanyagia ule mguu. Akasema mguu ukivimba, au akisikia maumivu mapya kwenye shavu la mguu, au pumzi ikimpaa, wasingoje, waje mbio.

Nyundo hakusikia hata nusu. Dawa ya maumivu ilikuwa imemlewesha, akawa anaichekea feni ya darini. Mkewe alisimama pale akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora wa darasa, lakini macho yake yalikuwa kwenye mguu, na akili yake ilikwisha kuondoka hospitalini. Alikuwa anapima. Mguu mrefu kiasi hiki, mzito kiasi hiki, uinuliwe kiasi hiki. Sponji ngumu chini, laini juu, na katikati mfereji wa kuulaza mguu usibiringike. Yule mtaalamu alipomaliza kueleza, kiti kizima kilikuwa kimekwisha kuundwa kichwani mwa Mama Sofa, na maneno aliyobaki nayo ni hayo ya mwanzo tu, kwamba mguu uinuliwe.

Mtu wa kazi nyingine angemwekea mumewe mto juu ya stuli, yakaisha. Lakini huyu alikuwa fundi makochi, na hofu aliyoipata siku ile ilikuwa inatafuta pa kutokea. Akamshonea kiti. Tena si kiti cha mchezo. Mgongo unalala, mikono imejazwa, mbele kuna ulimi mrefu wenye mfereji wa mahameli wa kulaza plasta, na juu ya goti mkanda mpana wenye kifungo, ili paja litulie mgonjwa akisinzia. Mwisho akakitia magurudumu. Nyundo akitaka kwenda msalani anasukumwa mpaka mlangoni. Akitaka jua anasukumwa barazani. Akitaka maji anaita tu. Magongo yaliegeshwa nyuma ya mlango wa karakana, na baada ya muda yakapata kazi ya kutundikia vitambaa.

"Kikoje?" Mama Sofa alimwuliza siku alipomkalisha.

"Safi," alisema Nyundo, na safari hii hata hakulazimika kusema uongo.

Wifi alipokuja kumjulia kaka yake hali, alisimama mlangoni akashika kiuno. "Makubwa! Kaka, umevunjika mguu au umetawazwa? Mimi nikivunjika nani atanishonea?"

"Wewe uvunjike mdomo kwanza, tupumzike," alisema Nyundo.

"Asisimame, wifi yangu," alisema Mama Sofa. "Ukimwona tu anajiinua, niite. Hata kidole asinyanyue."

Na ukweli usemwe, mwanamke yule alikuwa na raha yake. Miaka yote Nyundo alikuwa mtu wa kutoka; ukimtafuta karakana yuko kwa wauza mbao, ukimtafuta kwa wauza mbao amepanda juu ya paa la mtu. Sasa alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mkewe akiwa kwenye cherehani alisikia redio na akamsikia anavyobishana na msoma habari. Aliposikia hivyo moyo wake ulitulia. Kila alipofumba macho aliiona ile ngazi inavyoteleza, na kila alipoyafumbua alimkuta mtu wake amekaa, amefungwa mkanda, hana pa kuanguka.

Siku moja akiwa anampa uji, aliona amekunja uso.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Uji safi."

"Sijakuuliza uji. Nimekuuliza uso."

Nyundo akajikuna shingo. "Kuna mahali kidogo tu, hapa nyuma ya mguu. Kama kunabana hivi. Si kitu."

Hapa ndipo mafundi walipokosea kifundi. Mtu mwingine angeufikiria mguu. Mama Sofa alikifikiria kiti. Kinabana? Basi sponji imelala, au kuna stepla imechomoza, au mfereji ni mwembamba. Alimhamishia kitandani, akakipindua kiti palepale sebuleni, akafumua mahameli, akachomoa sponji, akakata mpya, akashona upya, jasho linamtiririka. Akamrudisha.

"Sasa?"

"Safi," alisema Nyundo.

Lakini uso ulikuwa bado umekunjana, na mkewe hakuwa kipofu. Akakifumua tena, safari hii akapanua mfereji. Halafu akakifumua tena, akaweka lastiki mpya chini. Kila akimaliza anauliza, na kila akiuliza anajibiwa neno lilelile. Alianza hata kulichukia kochi moja la mteja lililokuwa likisubiri kupelekwa, kwamba lenyewe limekubali mara moja tu, na hiki kiti cha mume wake mwenyewe kinamfanyia inda. Hakuna aliyekumbuka kuwa maumivu ya kiti huisha mtu akihama kitini, na ya Nyundo yalimfuata mpaka kitandani.

Kilichowaamsha ni mkanda.

Asubuhi hiyo Wifi alikuwa amekuja, amekaa kwenye stuli akimenya machungwa. Mama Sofa aliinama kumfunga mumewe mkanda wa pajani kama kawaida, akavuta, ukagoma. Akavuta tena. Kifungo kilikuwa mbali na tundu lake.

"Unaona sasa?" alisema. "Kukaa na kula. Umenenepa mpaka mkanda hautoshi."

Wifi aliinua macho kutoka kwenye chungwa. "Ananenepa mguu mmoja?"

"Vipi mguu mmoja?"

"Nakuuliza tu. Ule mwingine mbona uko vilevile?"

Mama Sofa alitaka kucheka. Halafu akauchukua mkanda, akauzungusha kwenye paja la kushoto, mahali palepale juu ya goti. Ukafunga, na nafasi ikabaki ya kuingiza kiganja. Akaurudisha kulia, ukakataa. Alijua huo mkanda. Aliukata mwenyewe, akaupima kwenye mguu huohuo, na mkanda haukuwa umesinyaa.

Akaweka mkono juu ya paja. Ngozi ilikuwa imenyooka, inang'aa, na ya moto. Akatazama vidole vilivyochungulia mwisho wa plasta, vimevimba, vimebanana. Alijiuliza mara ya mwisho kuvitazama vidole vile ilikuwa lini, akakosa jibu, kwa maana alikuwa akiyatazama mahameli.

"Tangu lini unaumwa hivi?"

Nyundo aliangalia pembeni. "Tangu ulipobadilisha sponji mara ya kwanza. Labda na kabla."

"Na kila siku unaniambia safi!"

"Ningesemaje?" Sauti ya Nyundo ilikuwa ndogo, si ile ya kubishana na redio. "Umekifumua mara ngapi kiti, mke wangu? Vidole vyako vimejaa matundu ya sindano. Nikisema bado kinauma, si ungeona nadharau kazi yako?"

Hapo yale maneno ya mtaalamu wa viungo yalimrudia Mama Sofa yote, taratibu, kama alivyoyasema. Asigande kitini. Mguu ukivimba. Maumivu kwenye shavu la mguu.

"Unapumua vizuri?" aliuliza.

"Napumua."

"Wifi, tupa hayo machungwa. Tunaondoka."

Pikapu ya kusambazia makochi ilikuwa nje, na mgongoni ilikwisha kupakiwa lile kochi la mteja, limefungwa kamba, limevishwa nailoni yake. Kulishusha kungewachelewesha, na mbele mguu wa plasta haukuingia. Mama Sofa alikata shauri mara moja. Majirani walisaidia kumpandisha, akalazwa kwenye kochi la watu, mguu juu ya mto, Wifi kando yake amemshikilia kama mzigo wa vyombo. Mama Sofa alishika usukani mwenyewe. Kila kona alifungua dirisha akapiga kelele nyuma:

"Unapumua?"

"Napumua!"

"Vizuri?"

"Kama ukipunguza mwendo, ndiyo!"

Mlinzi wa geti la hospitali alizunguka pikapu, akachungulia nailoni, akamchungulia Nyundo. "Mama, mnaleta mgonjwa au mnaleta fanicha? Mlango wa vifaa uko upande ule."

"Fungua geti, baba, ucheke baadaye," alisema Mama Sofa, na kwa jinsi alivyosema mlinzi aliacha utani akalifungua.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza Nyundo kifua, akambana kidole na kile kifaa chenye taa nyekundu, akauliza kama amekohoa, kama kifua kinachoma akivuta pumzi. Plasta ilipasuliwa pande zote mbili ili mguu upumue. Kisha wakampaka paja mafuta baridi na kulipitishia kipimo kinachoonyesha mishipa kwenye kioo, na daktari akakiinamia kioo. Mama Sofa hakuona chochote pale ila mawingu meusi na meupe, lakini aliuona uso wa daktari, na roho ilimpanda juu ikakaa hukohuko.

"Damu imeganda ndani ya mshipa," alisema daktari. "Hapa, na hapa nyuma ya goti. Kilichomvimbisha ni hicho. Ninachotaka kuhakikisha ni kwamba hakuna kipande kilichokatika kikapanda kwenye mapafu. Huko ndiko kunakoua."

Wakamchoma sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda, wakamsukuma kwenda kupigwa picha ya mapafu. Mama Sofa aliachwa kwenye benchi la ukumbini pamoja na wifi yake. Benchi lilikuwa limechanika ngozi pembeni, sponji inachungulia, na vidole vyake bila kuagizwa vikaanza kuirudisha ndani, kuikandamiza, kuirudisha tena. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku ya ngazi, kwa sababu siku ya ngazi hakuwa amefanya kitu, na leo alikuwa ameshona.

"Nimemfunga kwa mikono yangu, wifi," alisema. "Nimemfunga mkanda."

Wifi, ambaye mdomo haukumkaa hata msibani, hakusema neno. Alimkamata tu ule mkono uliokuwa ukihangaika na sponji, akaubana kati ya mikono yake.

Walikaa hivyo mpaka mlango ukafunguka, na daktari akatoka anavua miwani.

"Mapafu ni safi," alisema.

Mama Sofa alimtazama. Neno hilo alikuwa amelisikia maisha yake yote ya ndoa, juu ya mito, mapazia, viti na uji, na hakuwahi kuliamini hata mara moja. Sasa aliomba alisikie tena.

"Safi?"

"Safi kabisa. Mmewahi. Atalala hapa tumwangalie, ataendelea na dawa, na mguu utapona."

Alikaa chini, si kwenye benchi, kwenye sakafu yenyewe, akacheka huku analia, na Wifi naye akafunguka mdomo wote aliokuwa ameubana, akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru na mlinzi wa getini. Muuguzi mmoja alipita akamruka Mama Sofa pale chini.

Alipopata sauti, Mama Sofa alisema yote. Alieleza kiti, mfereji, magurudumu, mkanda, magongo yaliyogeuka kamba ya kuanikia. "Ni mimi, daktari. Nilimkataza hata kunyanyua kidole."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Pembe za midomo zilimcheza kidogo aliposikia habari ya magurudumu. "Mfupa uliovunjika peke yake unatosha kuifanya damu igande," alisema. "Plasta inaongeza, kwa maana mguu umefungwa. Na kukaa tu kunaongeza. Shavu la mguu ndilo linaloisukuma damu irudi juu. Likilala, damu inatuama. Inawapata hata wanaotembea, kwa hiyo usijibebeshe yote. Lakini kuanzia sasa, mama, mgonjwa wako anainuka."

"Atainuka," alisema Mama Sofa. "Atainuka mpaka achoke kunitazama."

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Nyundo alikuwa na plasta mpya, vidonge vyake, na onyo la kujihadhari na vitu vya kukata kwa kuwa damu yake sasa si ya kuganda haraka. Mteja wa kochi alipiga simu kuuliza kulikoni, akaambiwa kochi limefanyiwa majaribio makali njiani na limefaulu.

Jambo la kwanza Mama Sofa alilofanya ni kung'oa magurudumu. La pili, alikata mkanda, akautupa. Kiti alikiacha kwa ajili ya kuinulia mguu, akakisogeza mbali na redio, ili kila habari ikimkera Nyundo ainuke mwenyewe kwenda kuizima. Zilimkera nyingi. Kisha akayatoa magongo nyuma ya mlango, akayakung'uta vitambaa, na kwa kuwa mikono yake haikujua kuacha kitu kikiwa mbao tupu, akayashonea vichwa vya sponji na vishikio vya ngozi.

Nyundo aliyajaribu asubuhi, kutoka sebuleni mpaka kwenye mlango wa karakana. Alikwenda kwa kudunda, mguu wa plasta umening'inia mbele, vidole vinacheza kama alivyofundishwa. Mkewe alisimama na sindano mkononi, akimhesabia moyoni kila hatua aliyosalimika. Alipofika mlangoni akajiegemeza, anahema kwa uzuri tu, kama mtu aliyefanya kazi.

"Kikoje?" aliuliza Mama Sofa, kwa mazoea.

"Safi," alisema Nyundo, kwa mazoea.

Wakatazamana. Mama Sofa akaweka sindano chini.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema. "Nilikununia mara moja, wewe ukaninyamazia miaka yote. Nusura nikuzike kwa ajili ya neno hilo. Sema kweli."

Nyundo aliyatazama magongo. Akayatazama tena, kama mtu anayeangalia ngazi upya.

"La kushoto linanikwaruza ubavuni," alisema. "Sponji nyembamba. Na huu mshono umeukaza upande mmoja, unavuta."

"Enhe."

"Vishikio vinateleza."

"Enhe. Na kiti?"

"Kiti..." Nyundo alisita, akamchunguza mkewe usoni, akaona anatabasamu na machozi yamemjaa. "Kiti, kusema kweli, tangu siku ya kwanza kilikuwa kinanisukuma kichwa mbele. Na mahameli yanaleta joto. Na ile rangi, mke wangu, ile rangi..."

Mama Sofa alivuta stuli akakaa. Kutoka barazani Wifi aliuliza kwa sauti kuna ugomvi gani asubuhi yote hii.

"Endelea," alisema Mama Sofa. "Na ukimaliza, zunguka karakana, uje uniambie na huko kuna nini."